Bi Mvuke na Homa Iliyolala

Asubuhi, kabla jua halijapata nguvu ya kukausha hata leso, ua wa Bi Mvuke ulikuwa umeshajaa ukungu wake mwenyewe. Pipa lilikaa juu ya mawe matatu, maji yakitokota, naye kasimama na mti wake mrefu akizigeuza shuka za watu kama anayewapikia majitu. Jina alilopewa na wazazi walilijua wachache. Wateja walimwita kwa ule mvuke uliomzunguka, na mumewe, aliyenyoosha nguo barazani kwenye meza ndefu, wakamwita Mzee Pasi.

"Mke wangu anachemka, mimi nawaka," mzee huyo alipenda kuwaambia wateja wapya. "Nyumba hii haijui baridi."

Bi Mvuke alikuwa na namna yake ya kufua. Hakuna nguo iliyoingia pipani kabla hajaigeuza ndani nje na kuipitisha mishono yote katikati ya vidole: kwapani, kolani, kiunoni, polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kina mama wa mtaani walimcheka.

"Bi Mvuke, tope liko nje, wewe unahangaika na ndani!"

"Nje ni kwa macho ya watu," alijibu. "Ndani ndiko mwili unakoishi."

Ukimuuliza zaidi alisema tu kwamba mama yake alifua hivyo, na yeye aliichukua tabia hiyo kama mtoto achukuavyo mwendo wa mzazi wake, bila kuuliza unakwenda wapi.

Uzee ulimletea zawadi. Binti yao wa pekee, ambaye mumewe aliendesha lori la safari za mbali, alirudi nyumbani kujifungua na akabaki. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, ngumi zake zimefumbwa wakati wote kama ua lisilotaka kuharakishwa. Wakamwita Kitumba. Mzee Pasi akamtangaza kuwa ndiye bibi harusi wake mpya, na Bi Mvuke, kwa utani wa bibi na mjukuu, hakumwita ila mke mwenza.

"Mke mwenza, njoo unione nilivyochakaa. Na wewe utafika huku."

Binti alipoanza tena kazi kwenye kiwanda cha mikate, asubuhi za Kitumba zikawa za bibi yake. Nguo zikishatundikwa kambani, Bi Mvuke alijilaza mkekani, akamlaza mtoto kifuani, wakalala wote wawili chini ya shuka za wateja zilizokuwa zikipepea kama mawingu ya kufugwa.

Homa ilimkuta katika raha hiyo. Ilianza na kichwa, kichwa kinachogonga kama bati chini ya mvua ya mawe. Akafua nacho. Ikafuata baridi, kisha joto, kisha mwili mzima ukamuuma kana kwamba yeye ndiye aliyekamuliwa. Wakanunua dawa za malaria. Akazimeza zote, na homa haikusogea hata kidogo. Siku hizo zote Kitumba aliendelea kulala kifuani pake, maana nani angedhani? Ni uchovu, walisema. Ni umri. Siku moja, akioga, aliona kifuani na ubavuni vidoa vidogo vyekundu.

"Mzee," akaita, "njoo uone. Nimepata kutu."

Mzee Pasi aliviangalia, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao aliiacha kazi mezani katikati. Alikwenda kutafuta gari.

Hospitalini alipokelewa na daktari mwanamke, kijana, mwenye sauti ya chini na haraka ya miguu. Alimsalimu kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe siinuki."

Daktari alimpima, akasoma majibu ya malaria, hayakuwa na kitu. Akamuuliza alikula nini, alisafiri wapi, kama nyumbani kuna panya. Kisha akaviinamia vile vidoa, akavuta kiti.

"Mama, utotoni uliishi wapi?"

Mzee Pasi, aliyekuwa amesimama na kofia mkononi, alidhani daktari ameishiwa na maswali. Lakini Bi Mvuke alifumba macho, na alipoyafumbua alikuwa mbali.

Alikuwa mtoto wa kwenye ghala. Vita vilipowafukuza, watu wa vijiji vyao walipanda nyanda za juu zenye baridi, wakaingizwa katika ghala la nafaka lisilo na nafaka, familia kando ya familia, mkeka kando ya mkeka. Maji mwanzoni yalikuwa ya kunywa tu. Nguo uliyokimbia nayo ndiyo uliyolalia na ndiyo uliyoamkia. Mablanketi hayakutosha, na watu wale walikuwa watu wema: aliyezidiwa ndiye aliyefunikwa. Akipona au akifa, blanketi lilitolewa juu yake lingali na joto, likapelekwa kwa anayetetemeka zaidi. Shangazi yake alipewa zuri kuliko yote, la sufi, lenye mistari. Hakufika mbali nalo.

"Nilikuwa naona homa inavyotembea," alimwambia daktari. "Leo mkeka huu, kesho ule, keshokutwa unaofuata. Kama moto kwenye makuti. Watu wakasema ni hewa ya ghala. Ikanifika na mimi."

"Nani alikuuguza?"

"Mama. Alinilaza kifuani mpaka nikapona."

"Yeye aliugua?"

"Hakuugua. Watu walisema ana dawa yake ya siri. Alikuwa amepewa kazi ya kuchemsha nguo nyuma ya ghala, basi. Alizigeuza, akazichemsha, na zetu akazichemsha kwanza."

Daktari alitabasamu kidogo. "Basi dawa alikuwa nayo, mama. Ilikuwa kwenye pipa."

Alimtoa damu ya kupeleka maabara kubwa, na hakungoja majibu: dawa ilianza siku ile ile. Majibu yaliporudi, homa ilikuwa tayari imeanza kumwachia, na daktari alikuja akakaa tena kwenye kile kiti, mzee upande mmoja wa kitanda na yeye upande wa pili.

"Inaitwa tifasi," alisema. "Si ile homa ya matumbo ya maji machafu, hii ni nyingine. Wengi huiita homa ya chawa."

Mzee Pasi alishtuka kana kwamba ametukanwa mbele ya wakwe.

"Chawa? Kwetu? Daktari, nyumbani kwetu hata inzi hunawa kabla ya kutua!"

"Sijasema mnao, baba. Nisikilize." Akawaeleza taratibu. Anayehusika si chawa wa kichwani bali wa nguoni, akaaye kwenye mshono na kutaga hapo hapo. Hunyonya damu ya mgonjwa, na kinyesi chake ndicho chenye ugonjwa. Mtu anayejikuna hukipaka kwenye ngozi aliyoichubua. Mwili ukizidi joto, au ukipoa kwa kifo, chawa huuhama, hutafuta mwingine ulio karibu. "Ndiyo maana ulikuwa ugonjwa wa vita, magereza na meli zilizojaa watu. Popote watu walipobanana kwa baridi bila nguo ya kubadili. Majeshi makubwa yamewahi kulala chini kwa homa hii, adui hajawagusa. Huko ng'ambo zamani kuna wafungwa walioletwa mahakamani na nguo zao za gerezani, na mahakimu wakafa pamoja nao."

"Hata hakimu?" Mzee Pasi alianza kupendezwa.

"Hata hakimu. Na kwa karne nyingi watu walisema hewa, hewa, kama walivyosema ghalani kwenu. Mpaka daktari mmoja akaona jambo mlangoni pa hospitali yake. Wagonjwa walilala barabarani wakingoja, na waliokuwa karibu nao waliambukizwa. Lakini wakishavuliwa nguo, wakaogeshwa na kuvishwa za hospitali, hawakumwambukiza mtu wodini. Walioendelea kuugua ni waliozipokea nguo zao, na wafuaji."

"Madobi," akasema Bi Mvuke.

"Madobi, mama. Wao ndio walioonyesha njia, bila kujua na bila kupenda."

"Lakini mimi nimeipata wapi sasa, jamani, uzee huu?"

"Hukuipata sasa. Ni ile ile ya ghalani. Kwa baadhi ya watu haitoki yote. Hujificha mwilini, ikalala miaka na miaka, na siku mwili ukichoka huamka. Huamka dhaifu kuliko ilivyolala, na dawa zipo. Unaona mwenyewe homa inavyoshuka."

Habari njema, basi. Mzee Pasi alishusha pumzi ndefu hata pazia likatikisika. Lakini Bi Mvuke alikuwa ameushika ukingo wa shuka kwa mikono miwili.

"Daktari. Mjukuu wangu amelala kifuani hapa siku zote za homa."

"Bila chawa haiendi popote, mama. Haiendi kwa pumzi, haiendi kwa kukumbatia."

"Nimekusikia. Lakini imekaa ndani yangu maisha yangu yote nami sina habari. Nitajuaje kuna nini kingine kinachotembea nami sina habari?"

Daktari hakuwa na haraka ya kumshinda kwa maneno. Alisema nguo na matandiko ya mgonjwa yachemshwe, kwa utulivu wa moyo, na mtoto aangaliwe. Akipata homa yoyote, aletwe.

"Na mpaka nijue," Bi Mvuke akamwambia mumewe, "msimlete huku. Wala mama yake asimlaze kwenye mkeka wangu. Nimeshaona mikeka ikifuatana. Siwezi kuona tena." Akaugeukia ukuta.

Mzee Pasi alitoka na agizo moja kichwani: nguo za mgonjwa zichemshwe. Njia nzima alilitafakari, na kadiri alivyolitafakari ndivyo lilivyopanuka. Maana katika nyumba ya dobi, nguo ipi si ya dobi? Ipi haikupita mikononi mwake, haikulazwa begani pake, haikukunjwa magotini pake akiwa na homa? Alipofika alikusanya kila kitu: vilivyofuliwa na visivyofuliwa, vilivyokunjwa tayari kuchukuliwa, mapazia, sare nyeupe za wauguzi wa hospitali ile ile, jezi nyekundu za timu ya mtaa, na suti ya sufi ya mwalimu wa kwaya iliyoletwa kupigwa pasi tu. Na yeye maisha yake yote alikuwa mtu wa pasi. Pipa alilijua kwa kuliona kwa mbali. Alitia vyote pamoja na kuchochea moto kama anayelipiza kisasi.

Bi Mvuke alizijua habari hizo kwa macho kabla ya masikio. Muuguzi aliingia wodini na sinia la dawa, na sare yake ilikuwa ya rangi ya waridi. Nyuma yake akapita mwingine, waridi. Mlangoni akachungulia wa tatu, waridi iliyokolea, kwa kuwa yake ilikaa pipani karibu zaidi na jezi ya nahodha.

"Mwanangu," akauliza, "serikali imebadilisha sare?"

"Muulize mumeo, mama."

"Mume wangu? Amefanya nini?"

"Amechemsha mtaa mzima. Sisi tuna nafuu. Mwalimu wa kwaya alikwenda kuchukua suti yake, akaishika hivi, kwa vidole viwili. Akasema, 'Mzee Pasi, nilikuletea suti, unanirudishia soksi?'"

Bi Mvuke alijaribu kujizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka tumboni, kikamkohoza, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akadai kuelezwa naye acheke. Alipomaliza alifuta machozi, na muuguzi aliona kwamba yale ya mwisho hayakuwa ya kicheko.

"Na mtoto?" akauliza. "Hukusikia habari za mtoto?"

"Mtoto mzima, mama. Amenona."

"Muda bado," akasema Bi Mvuke.

Basi alikaa hivyo. Mwili ulipona mbele, moyo ukabaki nyuma. Kichwa kiliacha kugonga, vidoa vilififia kama madoa yaliyopata limau, chakula kikarudi kuwa na ladha. Mzee Pasi alikuja kila alasiri akasimama dirishani kwa nje, kwa kuwa wodini alimkimbia muuguzi mkuu, ambaye naye alikuwa waridi.

"Bibi mdogo anakusalimu," alisema.

"Amechemka?"

"Hajachemka."

"Umemgusa shingoni?"

"Nimemgusa shingoni, kwapani, kila mahali. Amenipiga kofi."

"Kesho mguse tena."

Siku ya kuruhusiwa ilipokaribia, alimwambia daktari kwamba ana dada wa ukoo anayeishi peke yake upande wa pili wa mji. Angependa kwenda kwake kwanza. Huenda akakaa huko moja kwa moja. Daktari alimwona amepona na bado anajihamisha kutoka kwenye maisha yake mwenyewe, kipande kwa kipande, kama mtu anayeanua nguo.

Alasiri ile Mzee Pasi hakutokea dirishani.

Bi Mvuke alikuwa ameketi kitandani akikunja upya shuka ambazo wauguzi walikuwa wameshazikunja, ndipo akasikia kilio kwenye ujia. Kuna vilio vya watoto, na kuna kilio cha mtoto wako. Mikono yake ilisimama. Kisha akasikia viatu vya mumewe, vinavyokimbia, na sauti yake iliyokuwa haina mzaha hata chembe:

"Daktari! Daktari yuko wapi? Mtoto anaungua!"

Alishuka kitandani, lakini alipofika mlangoni hakuvuka. Alishika mwimo wa mlango. Kutoka pale aliwaona: mumewe bila kofia, Kitumba mikononi mwake, macho mekundu, akilia kwa hasira, na daktari akija kwa ile haraka yake ya miguu.

"Mlaze hapa, baba. Ameanza lini?"

"Sasa hivi! Nilikuwa kwenye pasi, nikamgusa, nikadhani nimegusa pasi!"

Daktari alimvua mtoto nguo. Alimtazama masikioni, kooni, akasikiliza kifua, akamkunja shingo taratibu. Alizigeuza zile nguo ndogo ndani nje na kuiangalia mishono, naye Bi Mvuke akiangalia kwa mbali vidole visivyo vyake vikifanya kazi yake. Kisha daktari alishika paja la kushoto, na Kitumba akapandisha kilio mpaka darini.

"Hapa pamevimba," daktari akasema. "Baba, huyu mtoto amepelekwa wapi leo?"

"Hajapelekwa popote. Yupo na mimi tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi saa ngapi?"

Hapo ndipo mlango wa nje ulipofunguliwa kwa kishindo, na binti yao akaingia akihema, unga wa ngano kichwani mpaka kwenye nyusi, aproni ya kiwanda ingali kiunoni.

"Baba! Jirani ananipigia simu eti umekimbia na mtoto barabarani bila kofia, bila hata kufunga nyumba! Una nini?"

"Mtoto ana homa!"

"Si amechomwa sindano! Nimempeleka kliniki asubuhi, nikakurudishia, nikakwambia, 'Baba, amepata chanjo, huenda akawa na joto kidogo, usishtuke.' Ukasema, 'Haya, haya.'"

"Mimi nilisema haya?"

"Mara mbili!"

Mzee Pasi alimtazama daktari, kisha mtoto, kisha paa, kama anayetafuta ile haya iliko.

"Nilikuwa kwenye kola," akasema kwa unyonge. "Nikiwa kwenye kola huwa namjibu haya kila mtu."

Daktari alicheka. Hakuwa amecheka mbele yao hata mara moja, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko yeye. "Ni sindano," alisema, akigeuka ili aliyesimama mlangoni asikie pia. "Kifua kizuri, masikio mazuri, ngozi haina kidoa. Tutamweka hapa mpaka jioni tumwangalie, lakini ni sindano, mama. Na siku zote ulizomlaza kifuani zimeshapita na hazikuacha kitu. Ingekuwa ije, ingekuwa imekuja."

Bi Mvuke alisema, "Sema tena."

"Ingekuwa imekuja."

Alikaa chini pale pale, sakafuni, mgongo kwenye mwimo wa mlango. Wauguzi wawili wa rangi ya waridi walimkimbilia wakidhani amezimia. Hakuwa amezimia. Alikuwa amekaa, basi, kama mtu aliyetua mzigo na bado anashangaa mikono ilivyo myepesi.

Binti yake alimchukua Kitumba mezani, akaja naye. Hakuuliza kama anaruhusiwa. Aliinama, unga ukamdondoka, akamweka mtoto kifuani pa mama yake kama anayerudisha kitu kwa mwenyewe. Bi Mvuke aliinua mikono juu, mbali, bado hajathubutu. Mtoto alisukasuka, akatafuta mahali pake pa zamani kati ya bega na shingo, akapapata. Kilio kikawa kwikwi. Mikono ya bibi ikashuka yenyewe.

Alikuwa na joto, yule mdogo. Joto lilipenya nguo ya hospitali likafika kwenye ngozi ya bibi yake, ambayo sasa ilikuwa imepoa.

"Mke mwenza," akamnong'oneza, "leo zamu yako kuchemka. Nami nitakuuguza."

"Na mimi je?" Mzee Pasi akauliza kutoka mezani. "Nimuuguze nani?"

"Wewe nenda kafunge nyumba," wakamjibu mama na binti kwa pamoja, "kabla mwalimu wa kwaya hajaingia kuchagua suti nyingine."

Alikwenda. Walimsikia ujia mzima akimwomba radhi kila muuguzi aliyepishana naye. Bi Mvuke alibaki sakafuni, akakataa kiti, akakataa kitanda. Shingo ya Kitumba ilianza kutoa jasho, jembamba, la kutoka taratibu, na ngumi moja ikafunguka kidole kwa kidole juu ya kola yake, ikalala wazi.

Daktari alipopita tena aliuliza kama yule dada wa ukoo apigiwe simu aje kumchukua.

"Dada gani?" akasema Bi Mvuke, kwa sauti ya chini ili asimwamshe mtoto. "Mimi nakwenda kwangu."